Mama mdogo, na sheria inayodai ushahidi wa upendo

Mwanangu aligongwa na gari mwezi wa Novemba, saa tisa na nusu alasiri, hapa Reading, Uingereza. Nikisema mwanangu, kwetu Tanga hakuna anayeuliza zaidi. Ni mtoto wa dada yangu, tunaishi nyumba moja, na tangu ana miaka miwili mimi ndiye ninayemwogesha na kumpeleka shule. Wa kwanza kuuliza alikuwa wakili.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimemshikia koti. Aliingia kwenye kivuko huku akinipungia mkono, na gari halikusimama. Kiatu chake kimoja kiliruka mpaka karibu na miguu yangu. Mguu ulivunjika mara mbili. Kichwani alitoka damu nyingi, nikaikandamiza kwa lile koti mpaka gari la wagonjwa likafika.

Amepona, alhamdulillahi. Mimi nilibaki pale barabarani. Kwa miezi mitano sikupata usingizi wa maana, na basi likifunga breki magoti yalinilegea. Nikaacha kazi. Daktari aliponiambia haya ni maradhi yenye jina na tiba, nililia kwa kupata nafuu ya kuaminiwa.

Madai ya mtoto hayakuwa na ubishi. Bima ya dereva ilikubali kulipa. Yangu ndiyo yaliyosumbua. Sheria ya Uingereza humwita mtu kama mimi mhanga wa pili: gari halikumgusa, ameumizwa na alichokiona. Huzuni peke yake hailipwi, hata ikikulaza kitandani. Lazima daktari bingwa athibitishe maradhi ya akili. Lazima uwe ulikuwepo, au ulifika mara tu baada ya ajali, ukaona au kusikia mwenyewe. Tena uwe na upendo wa karibu na aliyeumia.

Wakili alinieleza kesi ya McLoughlin. Mama mmoja alikuwa nyumbani familia yake ilipogongwa na lori mwaka 1973. Aliwakuta hospitali karibu saa mbili baadaye, bado wana matope na mafuta ya gari mwilini, binti yake mdogo ameshafariki. Mwaka 1982 majaji wa juu walimpa haki yake. Kisha akanieleza ya Alcock, iliyotokana na msongamano wa uwanja wa mpira wa Hillsborough mwaka 1989, uliogharimu maisha ya watu 97. Ndugu kumi wa waathirika walifika mbele ya majaji mwaka 1991, wote wakashindwa. Mmoja alikuwa uwanjani na alipoteza kaka zake wawili. Kwa mzazi, mtoto, mume, mke au mchumba, mahakama huchukulia kwamba upendo upo. Kwa ndugu wa tumbo moja, lazima uthibitishwe, na yeye hakuwa ameleta ushahidi. Kaka wawili! Sijaweza kulizoea jambo hilo.

Dada yangu siku ile alikuwa Tanga, matangani. Aliona picha kwenye simu usiku. Upendo wake haukuhitaji shahidi, lakini hakuwepo, kwa hiyo hakuwa na dai, ingawa mpaka leo hawezi kuvumilia simu ikilia usiku.

Kwenye barua za bima niliandikwa "anti". Kiingereza kina neno hilo moja kwa mama mdogo na shangazi, kwa aliyekulea na kwa anayekuja sikukuu tu. Nikaandika kurasa tatu kueleza mama mdogo ni nani: nani alikesha naye alipougua tetekuwanga, nani anajua kwamba hali ndizi zilizoiva sana. Bima ililipa baada ya miezi 14, bila kufika mahakamani.

Kama yamekukuta, muda wa kufungua kesi huku ni miaka mitatu. Nenda kwa daktari mapema, umwambie ukweli wa usiku wako. Jua pia kwamba tangu uamuzi wa Januari 2024, aliyeshuhudia jamaa akifa kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuugundua hana dai la namna hii. Lazima iwe ajali.

Wakili aliniambia karatasi iliyotusaidia zaidi ilitoka shuleni, ile fomu ya kumwandikisha mtoto. Penye mtu wa kupigiwa simu kwanza kuna jina langu, kwa mwandiko wa dada. Penye uhusiano aliandika kwa Kiswahili: mama.