Kiki ilivyonitesa siku mbili nzima

Kwanza tuelewane, kiki ninayoongelea hapa siyo ile ya mastaa ya kutafuta kusemwa mjini, ni dundo la chini kwenye biti, tusije tukachanganyana.

Mi niko Bagamoyo, Magomeni huku. Studio ndo chumba changu cha kulala, laptopu, hedifoni na godoro nimelisimamisha ukutani lizuie mwangwi, usiku nalishusha nalala. Kuna dogo alitaka biti, nikamtengenezea, kiki nikachukua sampo (kipande cha sauti kilichorekodiwa) ya 808, mashine ya midundo ya Roland, nikaitune ikae nota ya A maana biti lote liko ufunguo wa A maina, hiyo ni 55 Hz, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Kwenye hedifoni inakita hatari nikajiona nimemaliza. Nikaenda kuijaribu kwenye bajaji ya mshikaji wangu, ana vispika viwili kafunga nyuma ya siti, akasikiliza weee akaniuliza, "Oya, kiki umesahau kuweka?"

Niliumia. Kumbe ipo, ila iko chini kiasi kwamba spika ndogo haiwezi kuitoa, na simu ndo kabisaa.

Nikasema basi naongeza ya pili juu yake, nikabandika ya 909, mashine nyingine ya midundo ya Roland, ya 1983, ina kifua na mwanzoni ina kale kamlio ka "tok". Hapo ndo nikachanganyikiwa, zikipiga zote mbili dundo linakuwa dogo kuliko ikipiga moja!! Nikapandisha volyumu, taa nyekundu zikawaka, mlio ukapasuka, bado dundo hamna. Siku mbili.

Nikaja kuyavuta mawimbi karibu kwenye skrini nikaona, 808 inaanza kwa kupanda wakati 909 inashuka, yaani watu wawili ngalawa moja, mmoja anapiga kasia kwenda mbele mwenzie anarudisha nyuma. Kwenye 55 Hz wimbi moja linachukua kama milisekunde 18, kwa hiyo zikipishana 9 tu zinafutana. Kuna kitufe cha kugeuza wimbi juu chini, nikabonyeza kwenye 909, dundo hilooo limerudi, nikaisogeza mbele nyuma kidogo kidogo mpaka likajaa. Halafu nikaikata 909 kwa filta chini ya 120 Hz, pale chini akae 808 peke yake, maana nyumba moja haiwezi kuwa na baba wenye nyumba wawili. Kusema ukweli ningeanza na kukata, ugomvi wenyewe ungekuwa mdogo sana. Ila filta nayo inasogeza wimbi, ukishakata jaribu tena kile kitufe.

Ikabaki kwenye simu bado imepooza, inataka kitu cha juu. Ngoma Bagamoyo hazikosekani, chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko hapahapa, na jirani yetu mzee mmoja anapiga kwenye shughuli. Nikamfuata, "Shikamoo mzee, naomba unipigie pigo mojamoja nirekodi kwa simu." "Marahaba. Mojamoja? Unanihesabia?" Akacheka, akawasha makuti akaipasha ngozi moto ikaze maana hewa ya bahari inailegeza, akapiga kama ishirini hivi. Nikachagua moja, nikabakiza pale mwanzo tu kiganja kinapogusa ngozi, milisekunde 30, nikatoa kila kitu chini ya 1000 Hz, nikaiweka chinichini kabisa. Ukiisikiliza peke yake ni kama mtu kaua mbu. Na ndo hiyohiyo inayosikika kwenye simu, 808 na 909 wote wanaonekana wakubwa kwa sababu yake.

Nikarudi kwenye bajaji. Mshikaji akaweka, hata hajasema kitu, mama mmoja abiria akagonga siti, "Wanangu, punguzeni hiyo ngoma, kichwa kinaniuma."