Jinsi ninavyochagua majora ya sare za shule hapa Mwanza

Nashona sare za shule huku Igogo. Shati jeupe la mtoto wa msingi lina kazi ngumu: linafuliwa kwa sabuni ya mche, linasuguliwa kola kwa brashi, kisha linaanikwa juu ya jiwe ambalo saa saba mchana hulikanyagi kwa mguu mtupu. Kitambaa kikishindwa, mama mtoto analileta shati mlangoni kwangu, na huwa hanong'oni. Kwa hiyo dukani sinunui kwa macho.

Maduka ya jumla nayazungukia mjini, maeneo ya Makoroboi na Soko Kuu. Kabla ya bei nauliza jora linapimwa kwa mita au kwa yadi. Yadi 1 ni sentimita 91 na ushee, hivyo jora la yadi 30 halifiki mita 28, na wapo wauzaji wanaotamka "thelathini" tu, mengine umalizie mwenyewe. Halafu upana. Kitambaa cha inchi 60 kinakizidi cha inchi 45 kwa theluthi nzima, kwa hiyo hicho chembamba kisipopungua bei kwa robo, hakuna nafuu yoyote. Napima kwa tepu yangu, ukingo hadi ukingo.

"Dada, hii tetroni safi, pamba imejaa," kijana wa dukani ataniambia.

"Haya mdogo wangu, nikatie kidogo nikajaribu."

Natoka na kiberiti hadi barazani. Tetroni ya mashati kwa kawaida ni polista asilimia 65 na pamba 35. Nachomoa nyuzi chache, za urefu na za upana, naziwasha. Pamba tupu inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko unaacha vyote: jivu, na ndani yake punje zinazokwaruza kidole. Nikikuta kidonge kitupu namrudishia kipande chake. Sitaki mtoto akae darasani amevaa plastiki.

(Pamba yenyewe inalimwa hapa jirani, Kwimba, Magu, Maswa, Bariadi. Nyingi inasafirishwa nje ikiwa haijawa hata uzi, nasi tunarudi kununua vitambaa vya China na India. Linaniuma, lakini wateja hawangoji.)

Buluu ya sketi na kaptura naisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, basi, siku ya kwanza kufuliwa shati litakuwa la buluu pia. Nyumbani nakata kipande cha sentimita 50 kwa 50, nakifua, nakianika, napiga pasi, napima tena. Kikipungua sentimita 1, yaani asilimia 2, naacha upindo mrefu zaidi na maisha yanaendelea. Kikizidi hapo sikichukui. Mwisho naunganisha vipande viwili kwa cherehani na kuvuta mshono kwa nguvu. Nyuzi zikiachana pembeni ya mshono, kaptura hiyo itapasuka makalioni kabla ya likizo ya Juni.

Kinachowasumbua mafundi wengi ni loti. Majora mawili ya buluu ileile, kiwanda kilekile, yakitiwa rangi siku tofauti hayafanani, na taa ya dukani inaficha. Nayatoa nje juani na kuyalaza pamoja. Oda ya shule moja naichukulia loti moja, hata kama nitabakiwa na mita kadhaa. Mabaki hayo yanakuwa mifuko na mikanda ya kiunoni.

Mzigo wa Januari naununua Oktoba au Novemba. Desemba sote tumebanwa na oda, wenye maduka wanalijua hilo, na kijana wa mkasi hana tena muda wa kukukatia kipande cha kwenda kuchoma.