Maziwa ya kopo ya saa nane usiku: maji moto kivyake, unga mkavu kivyake

Usiku ndipo maziwa ya kopo yanapokosewa zaidi, na chanzo karibu siku zote ni kimoja: mlezi anataka mtoto akilia akute chupa iko tayari. Basi anakoroga saa nne kabla ya kulala, anaiacha chupa juu ya meza, saa nane anampa. Mwingine anakoroga ya usiku kucha na kuyamimina kwenye chupa ya chai ili yakae ya moto. Njia zote mbili ni hatari, na hiyo ya pili imezidi. Kinachopaswa kulala kikikusubiri ni maji ya moto na unga mkavu, kila kimoja mahali pake. Vikutanishwe mtoto akishaamka. Ukijipanga jioni, kazi hiyo haifiki dakika kumi.

Wengi hudhani kopo likifungwa kiwandani basi ndani hamna vijidudu. Si kweli. Maziwa ya watoto ya maji yanayouzwa tayari kwa kunywa ndiyo yaliyouliwa vijidudu. Ya unga hayako hivyo, yawe ya bei gani au ya kampuni gani. Wanaohofiwa zaidi ni bakteria wa Cronobacter na wa salmonela. Cronobacter anavumilia ukavu: anaweza kukaa ndani ya unga muda mrefu bila kufa wala kuzaana. Februari 2022 huko Marekani makopo mengi yaliondolewa madukani baada ya watoto kuugua, na wakaguzi walimkuta bakteria huyo ndani ya kiwanda cha Sturgis, Michigan. Akimpata mtoto mchanga anaweza kuingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, lakini unaua. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi miwili, njiti, waliozaliwa na uzito mdogo na wenye kinga dhaifu.

Sasa piga hesabu. Kwenye nyuzi joto 23, Cronobacter aliyemo ndani ya maziwa yaliyokorogwa huongezeka maradufu kila baada ya dakika 40 hivi. Saa nne hadi saa nane usiku ni dakika 240, yaani maradufu mara sita: mmoja anakuwa 64. Na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili hata nyuzi 23 hakifiki kwa kushuka. Maziwa yaliyokorogwa ndani ya chupa ya chai ni mabaya zaidi kwa sababu yanapoa polepole, yakipita kwenye nyuzi 45, 40, 37, joto ambalo vijidudu wanalipenda kuliko lolote. Kifaa cha umeme cha kupashia chupa, ukiyaacha maziwa humo usiku kucha, kinafanya kazi hiyohiyo.

Nyuzi 70, na kopo linalosema vuguvugu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 2007 unataka maji yanayokutana na unga yasiwe chini ya nyuzi 70, kwa kuwa joto hilo linaua Cronobacter na salmonela waliomo kwenye unga. Makopo mengi yanasema vingine: chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo uweke unga. Maelezo hayo yanamaliza vijidudu vya maji tu. Vya kwenye unga vinabaki hai. Watengenezaji wana sababu zao. Kuna unga uliotiwa bakteria rafiki ambao maji ya moto yanawaua, na kuna unga unaofanya madonge kwenye maji ya moto sana. Kwa mtoto wa miezi miwili ya kwanza, au njiti, fuata nyuzi 70 bila mjadala. Kama anatumia maziwa maalumu aliyoandikiwa hospitali, muulize aliyeyaandika. Kwa waliovuka umri huo baadhi ya nchi hulegeza kamba, ila sioni faida ya kuwa na taratibu mbili ndani ya nyumba moja, hasa pale usiku anapoamka baba leo na bibi kesho.

Ukikosa kipimajoto cha jikoni, kipimo cha kukisia ni hiki: lita moja ya maji yaliyochemka, yakiachwa ndani ya birika au sufuria iliyofunikwa kwa muda usiozidi dakika 30, bado yamevuka nyuzi 70. Hiyo ni lita nzima. Nusu lita kwenye sufuria iliyo wazi hupoa haraka zaidi. Na Nairobi, kwa vile mji uko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo huko usingoje dakika zote 30.

Chupa ya chai

Kifaa cha maana kuliko mashine zote za kukorogea maziwa kipo tayari karibu kila nyumba. Ila si chupa yoyote. Ile ya kubonyeza iache, maana mrija wake wa ndani hausafishiki. Tafuta ya kifuniko cha kuzungusha, ya chuma ndani ikiwezekana, kwa sababu ya kioo ikigongwa gizani inaweza kupasuka ndani na vipande vikaingia kwenye maji. Iwe ya kazi hiyo tu. Chupa iliyozoea chai ya maziwa na tangawizi ina mabaki chini ya mpira wa kifuniko hata kama inanukia usafi.

Kabla ya kulala chemsha maji mapya hadi yatokote kabisa. Mimina kiasi ndani ya chupa, funga, acha dakika tano, mwaga. Hapo umeipasha, usipoipasha, kuta zake zitanyonya joto la maji yako. Chemsha tena yaliyobaki, jaza hadi shingoni na ufunge mara moja. Chupa iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kushikilia maji juu ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa. Iliyojaa nusu haiwezi, na kila ukiifungua inapoteza joto. Ndiyo maana kama mtoto ananyonya saa sita na tena saa tisa, chupa mbili ndogo za nusu lita ni bora kuliko moja kubwa: moja kwa kila zamu.

Usiiamini chupa yako bila kuijaribu. Ijaze mchana kama ambavyo ungeijaza usiku, iache kwa saa zilezile unazohitaji, kisha mimina maji ndani ya chupa ya mtoto na uyapime humo. Yakisoma 74 au zaidi, nzuri; yakisoma 70 kamili, ujue yatakuwa chini ya hapo unga ukishaingia. Chupa isiyofaulu ibaki ya chai.

Vipimo

Kwa kawaida mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima. Mwenye kilo 5 ni mililita 750. Akinyonya mara sita, ni 125 kila mara. Tuchukue 120. Ikiwa kopo linasema kijiko kimoja kwa mililita 30, hapo ni vijiko vinne. Soma kopo lako kwanza, kwa sababu kuna yanayotaka kijiko kimoja kwa mililita 60, na kijiko cha kopo moja hakipimi unga wa kopo jingine.

Maji yanatangulia, unga unafuata. Ukimimina 120 za maji kisha vijiko vinne, maziwa yatapanda hadi kwenye 130 na zaidi kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayeanza na unga halafu akajaza maji hadi mstari wa 120 ameweka maji pungufu kwa mililita kumi na zaidi, akadhani amepima sawa. Maziwa mazito hivyo kila siku humkausha mtoto na kumfungia choo. Mepesi nayo, yale ya kurefusha kopo hadi mwisho wa mwezi, yanamdumaza, na maji yakizidi sana chumvi ya mwilini hushuka hadi degedege. Kama bei ya kopo imekushinda, liseme kliniki mapema.

Kijiko kijae bila kushindiliwa, kisha sawazisha kwa mgongo wa kisu safi kikavu. Usikigonge ukutani mwa kopo: unga unashuka, kijiko kinabeba zaidi. Kazi hii ifanye jioni, kwenye mwanga, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni: vijiko vinne kwenye kikopo kidogo kilichochemshwa na kukauka kabisa, kifunikwe. Kikopo kimoja kwa mlo mmoja. Tone moja la maji humo linafanya madonge, na madonge yanabaki kwenye kikopo badala ya kuingia kwenye chupa. Mtu anayehesabu vijiko saa nane usiku hupotea kwenye cha tatu.

Mtoto akiamka

Osha mikono. Mimina mililita 120 za maji ya moto, chupa ikiwa juu ya meza, na usome mstari macho yakiwa usawa wake; tochi ya simu inatosha. Chupa iliyoshikwa mkononi huinama na kudanganya. Tia unga wote, funga chuchu na kifuniko chake. Zungusha chupa taratibu badala ya kuitikisa kwa nguvu: maji ya moto hujenga mvuke ndani na yanaweza kuruka yakakuchoma, na povu jingi linamjaza mtoto gesi. Wala usizibe tundu la chuchu kwa kidole.

Kisha kwenye bakuli la maji ya baridi uliloliacha tayari. Maji ya bakuli yaishie chini ya kifuniko, kwa kuwa hayajachemshwa na hayatakiwi kugusa chuchu. Zungusha chupa humo, yakipata joto yabadilishe. Kwa dakika tano hivi mililita 120 zitakuwa za kunyweka. Tikisa kidogo ili joto lilingane, futa chupa kwa nje, dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono: uhisi uvuguvugu tu. Chupa ya kioo usiitie kwenye barafu ikiwa ya moto, itapasuka.

Kuna wanaokoroga unga kwenye nusu ya maji ya moto kisha wakajaza nusu ya pili kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Inaokoa muda, lakini mililita 60 za maji ya nyuzi 75 zikigusa chupa ya baridi na unga wa baridi zinaweza kuanguka chini ya 70 papo hapo. Maji yote yawe ya moto. Dakika tano za bakuli si nyingi.

Alichobakiza mwage. Mate yamesharudi kwenye chupa, na chupa ya saa nane haimsubiri saa kumi. Hata ambayo hajaigusa, ikiwa imekaa nje ya friji saa mbili tangu ilipokorogwa, nayo ni ya kumwaga.

Wenye friji ya uhakika wana njia ya pili: koroga jioni kwa maji ya nyuzi 70, kila mlo kwenye chupa yake, zipoze haraka kwenye bakuli, kisha weka ndani kabisa ya friji, si mlangoni. Friji iwe nyuzi 5 au chini, na maziwa yatumike ndani ya saa 24. Kuyapasha ni kwenye bakuli la maji ya moto, yasizidi dakika 15; maikrowevu hapana, inapasha sehemu moja ikachoma mdomo huku chupa kwa nje ni vuguvugu. Umeme ukikatika usiku na hujui ulikatika lini, chupa hizo usizitumie.

Chupa tupu isuuze kwa maji baridi palepale kabla maziwa hayajaganda kwenye uzi wa kifuniko. Asubuhi ioshe kwa sabuni na burashi, kifuniko na chuchu vikitenganishwa, kisha chemsha dakika kumi kila kitu kikiwa kimezama bila kiputo cha hewa ndani. Usikaushe kwa taulo la jikoni.

Kuhusu maji yenyewe, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi wala floridi, na ukichemsha mara nyingi unazidi kuvikoleza. Wanaotumia maji ya kisima ya Arusha au ya ukanda wa Bonde la Ufa, kwenye floridi nyingi, au visima vya chumvi vya pwani, watafute maji mengine kwa ajili ya mtoto. Ya chupa ya dukani nayo lazima yachemshwe, na kibandiko kionyeshe sodiamu chini ya miligramu 200 kwa lita.

Usiongeze sukari, glukosi wala uji ili alale zaidi. Uji kwenye chupa unapalia. Maziwa ya unga ya chai si ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kopo likifunguliwa liandike tarehe, likae pakavu nje ya friji, na limalizike ndani ya wiki nne.

Mtoto mchanga akipata homa au mwili kuwa wa baridi, akikataa kunyonya, akilegea, akilia kilio kisicho cha kawaida au akishikwa na degedege, peleka hospitali usiku huohuo. Beba na kopo: namba ya toleo iliyopigwa chini yake ndiyo itakayoonyesha kama kuna makopo mengine ya kuondolewa madukani.