Mboni isitoke nje ya jicho: ombi la maski ya umbo

Mhusika wa katuni akigeuza macho, mboni huvuka kope. Kwenye Krita, programu ya kuchora, weka leya (tabaka la mchoro) ya mboni juu ya weupe wa jicho, zote ndani ya kundi moja, kisha bonyeza alama ya alfa (uwazi wa leya) kwenye leya ya mboni, ili ionekane tu pale penye weupe chini yake. Ukisahau kundi, mboni hufuata leya zote za chini, hadi mandharinyuma iliyojaa rangi, kwa hiyo haikatwi kabisa.

Ningeomba watengenezaji wa programu za katuni watupe maski, yaani umbo la vekta (la mistari na nukta zinazosogezwa) linalokata leya, lenye fremu kuu zake (zinazoweka mkao wake kila linapobadilika) na ukingo wa kulainisha pikseli 1 au 2. Jicho likifumba kwa fremu 3, unasogeza nukta nne tu, hufuti mboni kila fremu. Na tafadhali, maski ifanye kazi hata ikifichwa!