Njiwa wa dirishani kwangu

Nilipohamia London, aliyekuwa wa kwanza kuja kwangu bila kualikwa ni njiwa. Alitua ukingoni mwa dirisha, shingo inametameta kijani na zambarau, akanikodolea jicho la rangi ya chungwa. Haikupita wiki mbili mwenye nyumba akaona mavi ukutani, akaja na vijiti vya chuma vilivyochongoka, akabandika ukingo mzima. "Panya wenye mabawa hao," akaniambia. Kesho yake njiwa karudi, kapenyeza miguu katikati ya vijiti, katulia.

Nikamwonea huruma, tena nikaudhika kwa niaba yake. Hawa hawakuja mjini wenyewe. Asili yao ni majabali, ndiyo maana ghorofa kwao ni jabali tu. Binadamu ndiye aliyewafuga kwa maelfu ya miaka, akala makinda yao, akarutubisha mashamba kwa mavi yale yale yanayomkera mwenye nyumba. Wa mjini leo ni uzao wa waliotoroka mabandani.

Na kazi wamefanya. Mwaka 1942 ndege ya kivita ya Uingereza iliangukia Bahari ya Kaskazini. Ndani mlikuwa na watu wanne na njiwa jike wa kupeleka ujumbe, Winkie. Akaruka kilomita 190 hivi hadi bandani kwake karibu na Dundee, amelowa mafuta, hana hata kikaratasi cha ujumbe. Wanajeshi wakapiga hesabu kwa muda aliotumia na mafuta yale, wakakisia ndege ilipozama, wakawaokoa watu wote wanne. Mwaka uliofuata alivishwa nishani ya Dickin, ya wanyama waliotumikia vitani.

Miaka 60 baadaye, mwaka 2003, kuwalisha njiwa Uwanja wa Trafalgar, hapa hapa London, kukapigwa marufuku. Hata mwewe wa kufugwa waliletwa kuwatisha. (Simu zilishaingia, nani amtake tarishi?)

Juzi wangu alikuja akichechemea. Nikamfunika kwa taulo, nikamgeuza. Nywele! Nywele za watu, zimejisokota kidoleni mpaka kimevimba na kuwa cheusi. Kidole cha pembeni yake kilishakatika zamani. Nilitumia mkasi wa kucha, unywele mmoja mmoja, moyo wake ukidunda kiganjani kwangu kama simu inayotetema. Nilipomwachia aliruka hadi paa la ng'ambo, akaanza kujichambua manyoya kana kwamba nimemchafua mimi.

Leo asubuhi yupo, katikati ya vijiti.