Ukuta wa Mawe wa Earthsea

Nimemaliza kusoma vitabu sita vya Ursula K. Le Guin kuhusu Earthsea, dunia ya kubuni ya visiwa, wachawi na majoka, vilivyochapishwa kati ya mwaka 1968 na 2001, na bado sijapata hamu ya kushika kitabu kingine. Vingine nilivipata kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Kisumu, kurasa zikiwa zimelegea.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi mwandishi alivyorudi kuubomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Katika kitabu cha tatu, The Farthest Shore (1972), mchawi Ged na kijana Arren wanauvuka ukuta wa mawe na kuingia nchi ya wafu: nchi kavu, isiyo na upepo, yenye nyota zisizosogea, ambamo hata waliokufa kwa ajili ya mapenzi hupishana njiani bila kujuana. Sura hiyo iliniumiza. Kwetu huku marehemu huzikwa bomani, mjukuu akapewa jina lake, na anayefagia uwanja asubuhi hulizunguka kaburi kwa ufagio kama anavyouzunguka mlango wa jikoni. Aliyelelewa hivyo hawezi kuyakubali kwa wepesi mauti yanayomfanya mke asimtambue mumewe.

Ilipita miaka 18 kabla ya kitabu cha nne, Tehanu, kutoka mwaka 1990. Ged amepoteza uwezo wake wote wa uchawi na sasa anachunga mbuzi. Tenar ni mjane wa shambani anayemlea mtoto aliyeunguzwa motoni na watu wake mwenyewe. Wapo wanaokilaumu kitabu hiki kwa kukosa safari na miujiza, lakini kwangu ndicho bora kuliko vyote, kwa kuwa kinamfuata shujaa hadi jikoni, mahali ambapo kijana wa Tenar anakataa kuosha vyombo kwa madai kwamba hiyo ni kazi ya wanawake.

Kisha ndipo kitabu cha mwisho, The Other Wind. Alder, fundi wa kuunga vyungu vilivyovunjika, humwota marehemu mkewe akimwita kutoka ng'ambo ya ukuta, na wafu wengine wakimsihi awafungulie. Paka mdogo anayelala ubavuni mwake ndiye humzuia asivutwe tena kule. Polepole tunaelewa kwamba wachawi wa kale, kwa tamaa ya kuishi milele, waliitwaa sehemu ya nchi ya majoka na kuizungushia ukuta, wakawafungia humo wafu wao. Walio hai na wafu wanaung'oa jiwe kwa jiwe. Nilipofika hapo nililia, na ninamshukuru Le Guin kwa kutoliacha jambo lile lilivyokuwa mwaka 1972.

Anayetaka kuvisoma asikiruke Tales from Earthsea kwa kudhani kwamba ni mkusanyiko wa hadithi tu. Hadithi yake ya mwisho, Dragonfly, ndiyo inayomleta Irian, mwanamke ambaye pia ni joka, na bila kumjua yeye, wanachokifanya majoka katika kitabu cha mwisho hakitaeleweka vizuri.