Maumivu yaliyokuwa kwenye ukuta wa tumbo

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja aliishi na maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini kidogo ya usawa wa kitovu, ambayo chanzo chake hakikujulikana. Ninaandika haya kwa ridhaa yake, kwa kuwa tatizo lililopatikana mwishoni hutambulika kwa kidole cha daktari, ilhali katika jiji hili la Dar es Salaam, lenye maabara karibu kila mtaa, tulipima karibu kila kilichomo ndani ya tumbo kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za ukuta wake.

Maumivu yenyewe hayakuwa ya kusokota wala hayakufuata chakula. Yalikuwa ya kuchoma, mahali pamoja palepale, na yalizidi alipokaa ameinama kwenye cherehani kwa saa nyingi kule Kariakoo, alipokohoa, alipogeukia ubavu wa kulia kitandani, au alipojikaza ghafla daladala lilipofunga breki. Akilala chali yalipungua. Hakuwa na homa, hakupungua uzito, na choo chake kilikuwa cha kawaida. Maelezo haya yalikuwa yamebeba karibu jibu lote, lakini mgonjwa anayeingia chumba cha daktari baada ya kupanga foleni tangu asubuhi hasimulii mambo ya daladala. Husema tumbo linauma upande wa kulia, na ndivyo inavyoandikwa.

Kwa Dar es Salaam, tumbo linalouma lina majibu matatu yaliyo tayari: taifodi, UTI na vidonda vya tumbo. Tulianza na taifodi kwenye zahanati ya jirani, ambako kipimo cha Widal kilionyesha kuwa anayo. Kipimo hicho, chenye jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896, hakitafuti bakteria wenyewe bali kingamwili zilizomo kwenye damu, na kingamwili hizo zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au kuchochewa na vimelea vingine vinavyofanana na vile vya taifodi. Kwa mtu asiye na homa, kipimo kimoja cha namna hiyo hakithibitishi chochote. Kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, yaani kuiweka mahali pa kukuza bakteria ili kuona kama wapo. Alimeza antibiotiki ya siprofloksasini hata hivyo. Ikafuata UTI, ambayo baadaye iliitwa UTI sugu, ingawa mkojo ulipooteshwa haukuota kitu.

Vidonda vya tumbo vilituchukua muda mrefu zaidi, na sioni ajabu, kwa sababu kipimo cha damu kilionyesha kingamwili za Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo na nafasi yake katika vidonda vya tumbo, hivyo daktari anayemfikiria hakosei. Tatizo ni kwamba watu wengi sana wanaye bila kuwa na kidonda chochote, na kipimo cha kingamwili hakitenganishi maambukizi ya sasa na yaliyokwisha. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama bakteria bado yupo. Dada alimaliza mchanganyiko wa amoksisilini, klarithromaisini na omeprazoli wa siku 14, maumivu yakabaki palepale. Kipimo cha kamera kikaonyesha kuwa tumbo ni safi.

Kisha ultrasaundi ikatuletea mtuhumiwa mpya: ini, nyongo na figo vilikuwa sawa, ila kulikuwa na uvimbe mdogo kwenye kizazi. Ndugu wote tulishusha pumzi, maana hatimaye kilipatikana kitu cha kukata. Ninamshukuru daktari bingwa wa wanawake aliyetueleza bila kuzunguka kwamba uvimbe wa aina hiyo hupatikana kwa wanawake wengi wasio na maumivu yoyote, kwamba huu ulikuwa upande wa kushoto ilhali maumivu yalikuwa kulia, na kwamba maumivu yasiyobadilika na mzunguko wa hedhi hayampi sababu ya kumpasua mtu. Kupata kitu kwenye kipimo si sawa na kupata chanzo, na wapo ambao wangetupangia tarehe ya upasuaji siku ileile.

Mitaani nako utafiti uliendelea. Jirani alileta chupa ya mizizi ya kuondoa chango, na shangazi yetu alishauri twende Bagamoyo kwa mtu anayemjua. Hayo hayakutuumiza. Kilichotuumiza ni daktari mmoja aliyefunga faili na kusema kuwa dada ana mawazo, apumzike. Mawazo huzidisha maumivu, hilo ni kweli, lakini baada ya siku ile dada aliacha kusema kama anaumwa, na tulikuwa tunajua tu kwa jinsi alivyoinuka kwenye kiti.

Aliyelitatua ni daktari wa upasuaji katika hospitali moja ya Upanga. Aliweka pembeni bahasha ya majibu, akasema, "Dada, nionyeshe kwa kidole kimoja tu panapouma." Dada akaonyesha bila kusita, sehemu isiyozidi upana wa sarafu. Daktari akambonyeza hapo akiwa amelala chali, kisha, bila kuondoa kidole, akamwomba akunje mikono kifuani na kuinua kichwa na mabega. Maumivu yaliongezeka mara moja.

Mantiki yake ni nyepesi. Mtu anapoinua kichwa, misuli ya tumbo hukaza na kuvilinda viungo vya ndani dhidi ya kidole. Kwa hiyo maumivu yanayotoka ndani kwa kawaida hupungua, na yanayotoka kwenye ukuta wenyewe hubaki au huzidi. Kipimo hiki kina jina la John Carnett, daktari wa upasuaji wa Philadelphia nchini Marekani, aliyekieleza mwaka 1926, na hakihitaji umeme wala kitendanishi. Daktari akaendelea kwa kufinya ngozi pande zote mbili na kupitisha pamba juu yake, akakuta hisia za upande wa kulia ni tofauti. Akauliza kama aliwahi kuugua mkanda wa jeshi, akamkagua ngiri, akauliza tena kuhusu kupungua uzito, jasho la usiku na damu kwenye choo, kwa sababu kipimo cha Carnett kinaweza kupotosha na dalili hizo zingemrudisha ndani ya tumbo kutafuta kifua kikuu, saratani na mengineyo.

Alitueleza kwamba mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo hutoka mgongoni, ikapita kati ya tabaka za misuli, kisha hukunja kona kali ili kupenya kwenye msuli mrefu wa mbele na kuifikia ngozi. Kwenye kona hiyo mshipa mmoja unaweza kubanwa, na mwenye nao huumia kila misuli inapokaza au mwili unapojikunja. Ultrasaundi ya kawaida ya tumbo haimwonyeshi mtu hilo, wala kamera.

Sindano ya dawa ya ganzi iliyochomwa palepale panapouma ilikuwa kipimo na tiba kwa pamoja. Ndani ya dakika chache dada aliketi, akainama, akacheka. Mimi ni mtu wa mashaka, nikaenda kusoma kama nafuu hiyo haikuwa ya imani tu. Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwagawa wagonjwa 48 wa tatizo hili katika makundi mawili, wakachapisha matokeo mwaka 2013: kati ya 24 waliochomwa dawa ya ganzi iitwayo lignokaini, 13 walipata nafuu ya kuridhisha, na kati ya 24 waliochomwa maji ya chumvi, wanne. Kwa hiyo imani ina sehemu yake, lakini ganzi ina kubwa zaidi. Na bado karibu nusu ya waliopata ganzi hawakusaidika vya kutosha.

Maumivu ya dada yalirudi baada ya wiki kadhaa, yakiwa hafifu, akachomwa tena, safari hii ganzi ikiwa imechanganywa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kiti chake kimeinuliwa ili asijikunje sana, na omeprazoli ameiacha kwa ushauri wa daktari. Siku za kuelekea Idi, oda zinapojaa na kulazimika kushona hadi usiku, pale mahali huwaka kidogo. Daktari amemwambia kwamba sindano zikishindwa kabisa upo upasuaji wa kuukata mshipa huo, na wamekubaliana kuusubirisha. Uvimbe wa kizazi nao utaangaliwa kwa ultrasaundi mwakani.